Marekani Iliyonipeleka Guangzhou

Wenzangu wa pale kwenye kahawa, kila nikipita mnaniuliza gari liko wapi, nami nawajibu kwamba ni habari ndefu, kisha naondoka kabla kikombe hakijapoa. Sasa nimeona niiandike, maana mdomoni inanishinda. Nimesoma mpaka kidato cha nne, kalamu naimudu. Mambo ya pasipoti, viza na tiketi nitayaruka. Foleni za ofisini nyote mnazijua. Fedha ilikuwa kiinua mgongo changu, na hilo pia tuliache.

Tanga

Nyumbani kwetu hatukuwa na desturi ya kusema "gari". Tulisema "Marekani". Kaka yangu Rajabu aliinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, mimi nikiwa bado mwanafunzi. Ilikuwa ndefu, rangi ya maziwa yaliyolala, nyuma ina mabawa mawili, na kiti cha mbele kimoja kirefu kinachobeba watu watatu bila kubanana. Kaka akaifanya teksi. Ada yangu ya shule ilitoka kwa abiria wa kiti cha nyuma, na siku isiyo na abiria mama alikuwa akisema, "Leo Marekani imelala njaa," nasi tukajua chakula cha jioni ni uji. Mwishoni chumvi ya pwani ikaila chini mpaka miguu ya abiria ikagusa lami, na ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Miaka ikapita. Kisukari kikamshika Kaka Rajabu, kikapanda mpaka machoni. Daktari akasema mwanga utaondoka, ila hawezi kusema lini. Siku moja wageni walikuwa wamejaa sebuleni kumtazama, mmoja akamuuliza angependa kuona nini kabla ya hapo. Kaka akacheka, akasema, "Marekani. Nileteeni Marekani nizunguke nayo mara moja mpaka Raskazone, halafu mzime taa." Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Shemeji yangu Mwanahawa, mke wa Kaka, akanifuata uani. Akaniambia mume wake ana ombi, ila ananionea haya: angependa niwe naenda asubuhi kukaa naye barazani, wakati bado anaona watu. Nilimjibu kwamba nitakaa, nikishaipata Marekani. Mnanijua. Kukaa sijui. Miaka yangu yote bandarini nilikuwa karani wa kutembea, kutoka melini mpaka ghalani, na hata nilipostaafu miguu haikukubali.

Nikaitafuta Dar, nikaitafuta Moshi, nikavuka mpaka Mombasa. Zilizobaki zilikuwa makopo yanayofugiwa kuku. Ndipo nikamkumbuka Bi Zuhura, yule Mzanzibari aliyeolewa mtaa wetu, ambaye siku hizo alikuwa akinunua bidhaa Uchina na kuzileta kwa kontena. Watu walisema Guangzhou kinapatikana kila kitu. Nikampigia simu. Laini ilikuwa mbovu, dakika zake ghali, tukawa tunasemezana kwa mkato. Mazungumzo yale nayakumbuka neno kwa neno, kwa kuwa nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu.

"Marekani naweza kuipata huko, mwanangu? Ya zamani?"

"Ya zamani ile ile, baba? Nzito?"

"Nzito. Ile ya enzi zetu."

"Ipo. Pana mzee hapa anayo ghalani, watu siku hizi hawaitaki."

"Rangi yake?"

"Yake ya asili, kama maziwa. Haijatiwa kitu."

Nikamuuliza kama ni nzima, haijakatwa. Mnajua magari mengine huja yamekatwa vipande viwili, mbele kwake na nyuma kwake, yauzwe kama vipuri.

"Nzima, baba, haijakatwa. Ukitaka ikatwe utasema wewe mwenyewe."

Kisha akaniuliza hali ya mgonjwa. Nikasema si nzuri, na ndiyo sababu nina haraka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Mwenyezi Mungu ampe wepesi, na kwamba nikija atanipeleka yeye mwenyewe. Nikamwona mtu mwenye huruma sana. Neno gari, kama mnavyoona, sikulitaja.

Dubai

Kutoka Dar mpaka Dubai hakukuwa na neno. Dubai ndege ikaharibika, tukaambiwa tusubiri, kisha tukaambiwa tena. Wenzangu wakatandika khanga na mablanketi sakafuni wakalala. Mimi nilitembea. Nililipima lile jumba la abiria kwa miguu, duka la dhahabu mpaka vyooni, vyooni mpaka duka la dhahabu, mpaka mfagiaji mmoja akaanza kunisalimia kama jirani.

Hapo ndipo nilipokutana na Kariuki, Mkenya wa Nairobi, mtu mnene mchangamfu aliyekuwa akienda kununua viatu. Alinipa nusu ya mkate wake uliopakwa siagi na mayai mawili ya kuchemsha, akaniuliza mimi nafuata nini. Nikamweleza. Akaacha kutafuna.

"Mzee wangu, gari? Nani amekuambia? China ni viatu na mabegi. Gari ni Japan, ama hapa hapa Dubai. Hiyo story yako iko na mashimo, pole nikisema."

Nikamwambia imeshaonekana kwa macho, iko ghalani, nzima. Akasema basi yeye hana neno, pengine Mungu ananipenda kumshinda. Mtu wa biashara, asiye na sababu ya kunidanganya, aliniambia ukweli mapema kabisa, nami nilimwona mjuaji. Kule Dubai ningeweza kugeuza tiketi. Badala yake nilikwenda kumuuliza binti wa kaunta, kwa mara nyingine, ndege itatengenezwa lini.

Treni ya kutoka Hong Kong

Ndege ilitufikisha Hong Kong, na kutoka hapo tukapanda treni mimi na Kariuki. Kitu kimoja tu nitakisimulia. Alipita mchuuzi mwenye toroli la chakula. Nikataka kumweleza kwamba nguruwe sili, basi nikaisukuma pua yangu juu kwa kidole, nikakoroma kidogo, nikatikisa kichwa kwa huzuni. Yule bwana naye akatikisa kichwa kwa huzuni, kama anayesema nyama hiyo imekwisha. Halafu akapata wazo, akaenda mbio behewa la nyuma, akarudi anang'aa na sanduku moja la mwisho, wali na nyama ya nguruwe, akanikabidhi kwa mikono miwili. Sikuwa na moyo wa kumrudishia. Nikamshukuru, Kariuki akala, mimi nikashindia ndizi.

Xiaobei

Bi Zuhura alinipokea stesheni, akanipeleka mtaa uitwao Xiaobei, ambako Waafrika wengi walikuwa wameanza kupanga vyumba. Kariuki tuliachana naye pale pale, yeye akielekea Zhanxi, soko la viatu lililo karibu na stesheni. Akaniachia jina la hoteli yake.

Nilishangazwa na heshima ya Bi Zuhura. Hakuniruhusu kubeba hata mkoba. Alinilisha kwa Wachina Waislamu wanaovuta tambi kwa mikono, kila tambi ndefu kama kamba ya nanga, na supu ya ng'ombe yenye pilipili inayotoa machozi. Aliniuliza habari za Kaka, nikamweleza macho yalivyo, naye akaitikia kwa upole, akitazama bakuli lake. Nilipotaka kuzungumzia ukubwa na mlango na kontena, akanigusa mkono, akasema, "Baba, mambo haya hatuyasemi wakati wa kula. Tukifika utaona mwenyewe."

Nikadhani ni adabu ya kibiashara ya Kizanzibari.

Tatizo lilikuwa kwamba mwenye ghala, ambaye Bi Zuhura alimwita laoban, yaani bosi, alikuwa amekwenda kwao shamba kuna shughuli ya familia. Atarudi kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Nikaanza kutembea upya. Barabara ya Dengfeng niliipanda na kuishuka mpaka nikamjua kila mwenye kibanda cha simu na kila mbadilishaji fedha. Siku moja nilifika Yide Lu, barabara yenye maduka ya jumla ya vitu vya watoto, nikaona ukuta mzima wa magari madogo ya bati. Niliwauliza wenye maduka ya jirani, kwa vidole na kwa michoro, kama wanajua lilipo kubwa. Wote walinijibu neno moja, mei you, yaani hakuna. Neno hilo ndilo la kwanza nililojifunza na ndilo nililosikia zaidi.

Nilimpigia shemeji. Akasema jicho la kushoto limefunga kabisa, la kulia linaona asubuhi tu, kukiwa na jua. Akauliza narudi lini. Nikasema laoban akirudi.

Ghala la laoban

Laoban alirudi. Tulipanda basi mpaka nje ya mji, mahali penye viwanda vidogo na mifereji ya maji ya rangi. Njiani moyo ulinidunda kama wa bwana arusi. Nilikuwa nimebeba kitambaa cha kufutia vumbi, nikakusudia nikifika nifute kioo cha mbele kwanza.

Ghala lilikuwa refu na la giza. Nikatazama sakafuni nikitafuta alama za matairi. Laoban, mzee kama mimi, mwenye kofia ya pamba, akatuletea chai, kisha akaenda pembeni, akajitwika kitu begani, akaja kukibwaga juu ya meza mbele yangu. Lilikuwa jora la kitambaa. Akalisukuma, likafunguka, jeupe lisilo jeupe, rangi ya maziwa, zito.

Nikanywa chai. Nikangoja aondoe lile jora tuendelee na shughuli yetu.

"Ishike, baba," Bi Zuhura akasema taratibu. "Marekani yenyewe hiyo. Kama ile waliyovaa wazee wetu."

Nilimwambia nimeiona, nzuri, lakini Marekani yangu iko wapi. Akasema ndiyo hiyo. Nikasema, mwanangu, ile ya kuendesha. Akanitazama, akamtazama laoban, akanitazama tena.

"Kuendesha vipi, baba?"

"Gari."

Bi Zuhura akakaa juu ya majora. Ndipo akanieleza. Alikuwa amefikiri nimetumwa na wazee wa msikiti, wale wa chama cha kuzikana, ninunue marekani, nguo hiyo nzito ya pamba iliyoitwa hivyo tangu enzi za babu zetu, kwa jumla kwa ajili ya sanda, kwa kuwa wapo wazee wasiotaka bafta nyepesi ya siku hizi, wanaotaka kuzikwa kwa nguo ya kale. Na aliposikia kaka yangu hali yake si nzuri na mimi nina haraka, akajua sanda ya kwanza nimemkusudia nani. Ndiyo maana hakutaka tuizungumzie kwenye chakula.

"Astaghfirullahi, Mzee Bakari," akasema. "Mie n'shamzika Mzee Rajabu wa watu."

Alianza kucheka, akajizuia, akashindwa, na machozi yakamtoka. Ya kucheka au ya mengine sijui. Laoban akacheka naye bila kujua kwa nini. Mimi niliendelea kushika ile nguo. Ilikuwa baridi kidogo, na nzito kweli. Bi Zuhura akalilipia lile jora mwenyewe kuondoa aibu, kwa kuwa lilikuwa limeshafunguliwa.

Gari la mbele ya hoteli

Hapo ilinipasa kurudi. Bi Zuhura alinisihi hivyo. Jioni ile ile aliniongoza mpaka kibanda cha simu, akasimama nje. Safari hii alipokea Kaka mwenyewe.

"Bakari, ile Marekani nilitania. Watu walikuwa wengi, nikatia mzaha. Rudi, bwana."

Nikamwambia nimeshaiona. Hivyo ndivyo nilivyosema. Nikamwambia bado siku chache tu za kukubaliana na mwenyewe. Akasema haya, akampa mkewe simu.

Sababu ya uongo ule ilikuwa Kariuki. Mchana ule, baada ya ghala, nilikuwa nimekutana naye Zhanxi, katikati ya mikokoteni ya viatu, akaniambia, huku akinicheka, kwamba ameona gari la Kimarekani la zamani limesimama mbele ya hoteli ya samaki upande wa mtoni, refu, na mabawa yake. Kama nataka atanipeleka akimaliza mzigo wake. Mzigo wake ukachelewa, maana soli zililetwa za mguu mmoja. Nikaahirisha tiketi ya kurudi. Kisha nikaiahirisha tena.

Tulipofika nililiona kutoka upande wa pili wa barabara, nikasimama. Mabawa yalikuwepo. Taa zilikuwepo. Rangi haikuwa yenyewe, lilikuwa jekundu, lakini rangi hubadilishwa. Mwenye hoteli alitoka akiwa na aproni. Nikalionyesha kwa kidole, nikasugua dole gumba na kidole cha shahada, ngapi. Akafurahi. Akaja mbele ya gari, akafungua boneti.

Ndani hamkuwa na injini. Mlikuwa na tangi la kioo lililojaa maji, na samaki wanene wakinitazama. Akachukua wavu, akamtoa mmoja, akamwinua usoni pangu. Nikatikisa kichwa, nikapiga paa la gari kwa kiganja: hili, hili. Akaelewa kwamba namtaka mkubwa zaidi. Akamrudisha yule, akamvua mwingine. Nikapiga paa tena. Akamvua mwingine. Kariuki alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, ameshika tumbo.

"Mzee, chukua huyo," akasema alipopata pumzi. "Huyo sasa ni saizi ya injini."

Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia. Nilipopiga lile paa lilitoa sauti ya debe. Lilikuwa bati lililochomelewa na mafundi wa pale pale kwa kufuatisha picha. Halikuwahi kutembea hata hatua moja. Binti wa mwenye hoteli, aliyejua Kiingereza kidogo, alikuja kuthibitisha, akaniuliza samaki wangu namtaka wa mvuke au wa kukaanga.

Nikasema wa mvuke. Alikuja na tangawizi na vitunguu vya majani, na sijala kitu kitamu kama kile katika safari yote. Kariuki hakunicheka tena. Alinitolea miiba, akaniwekea nyama sahanini kama mtu anayemlisha babu yake, akaniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, huyo kaka bado anaona. Nikasema asubuhi tu. Akasema, "Sasa wewe unafanya nini hapa?"

Ningeweza kusema ni mapenzi, mkaniamini. Ukweli ni kwamba kuzunguka soko nisilolijua, katika lugha nisiyoisikia, kulikuwa rahisi kwangu kuliko kukaa barazani nitazamwe na mtu anayeniaga.

Kurudi

Kurudi nako kulikuwa na machelewesho yake, lakini safari hii sikutembea. Dubai nilikaa kwenye kiti kimoja mpaka tulipoitwa, na yule mfagiaji alinipita bila kunitambua.

Niliingia Tanga asubuhi, jua limeshachanua, nikaenda moja kwa moja kwa Kaka na begi mkononi. Alikuwa barazani, mkeka umetandikwa, kanzu safi, uso ameuelekeza barabarani. Nikasimama mbele yake, karibu kabisa, jua likinipiga usoni. Nilikuwa nangoja.

"Nani?" akauliza.

Nikaweka begi chini.

"Ni wewe, Bakari. Unahema kwa puani kama utotoni." Akanyoosha mkono pembeni yangu, akaupeleka hewani, nikausogelea. "Umekonda au umenenepa? Niambie wewe mwenyewe. Mimi toka Ijumaa ya juzi mwanga basi."

Nikamwambia nimekonda.

"Na ndevu?"

"Mvi tupu."

"Hizo nilishaziona," akasema, na akajisogeza mkekani kunipisha.

Nikakaa.